Mfalme wa Athene Kwenye Friji Yetu

Jumanne, tarehe 14 Januari, mke wangu alifariki, na ndala zake za bluu hazikuonekana nyumbani. Naandika mambo haya mawili pamoja kwa sababu ndivyo yalivyonifika. La kwanza lilinilaza chini. La pili liliniamsha, na kilichoniamsha kilikuwa hasira.

Zilikuwa ndala za plastiki tu. Alizinunua Kigoma, kwenye kambi ya wakimbizi, mwaka wetu wa mwisho kule, na kamba ya mguu wa kulia ilipokatika aliishona mwenyewe kwa uzi wa nailoni. Tulipopanda ndege kuja Minnesota, Marekani, aliziweka kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi kubwa, zisije zikapotea.

Dada yake mkubwa alifika kutoka Kentucky siku ya pili ya msiba. Yeye na akina mama wa kanisani walikusanya vitu vya marehemu. Kwetu vitu vya mtu aliyekufa haviachwi vimetawanyika. Vinawekwa chumba kimoja, mlango unafungwa, vinakaa humo mpaka siku ya kuondoa matanga, ndipo vinagawanywa mbele ya ndugu. Walikusanya vitenge, sufuria zake, Biblia, jaketi la kazi, hata mswaki. Kwenye roshani walikuta kopo la biskuti lenye matundu kwenye kifuniko. Walifunua wakidhani ni hereni, wakaona vijiti na majani makavu. Walilibeba hivyo hivyo bila kulifunika, wakaliweka chumbani karibu na tundu la hewa ya moto, maana hakuna kitu chake kilichotakiwa kubaki nje.

Shemeji alihesabu viatu. Akahesabu tena.

"Shemeji, ndala zake ziko wapi?"

"Sijui."

"Zile za bluu. Alikuwa haachani nazo."

"Nimesema sijui."

Nilijua. Zilikuwa Champlin, nyuma ya mlango wa nyumba ya mzee mmoja Mzungu, na huko ndiko zilikokuwa kwa miaka mitatu.

Nieleze. Mke wangu alikuwa mhudumu wa wazee majumbani. Ofisi moja ilimpeleka kwa mzee huyo, mtu wa miaka themanini na minne, aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Alikuwa akimwogesha, akimpikia, akimpa dawa, akimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu mpaka dirishani. Hakujua kuendesha gari. Asubuhi alipewa lifti na mama mwingine wa kanisani, na saa tisa alasiri mimi nilimchukua nikitoka zamu ya alfajiri kwenye ghala la Shakopee. Kila siku nilifika saa tisa kasorobo. Nilikaa ndani ya gari, injini ikinguruma.

"Ingia umsalimie," alikuwa akiniambia.

"Nikizima gari halitawaka tena."

"Mbona kule kazini unalizima?"

"Kule hakuna baridi kama huku."

"Baba, Shakopee na Champlin ni baridi moja."

Ukweli ni kwamba sikutaka kuingia. Nilikuwa na wivu na mzee wa mguu mmoja. Nilijua ni upuuzi, na kujua hakukunisaidia kitu. Mwanamke akiacha ndala zake nyuma ya mlango wa mwanamume, kwetu maana yake inajulikana. Yeye alisema ni kwa sababu ya sakafu: ukiingia na viatu vya theluji unachafua nyumba, na ukitembea na soksi unaganda. Nilielewa. Hata hivyo kila nilipouona mlango ule ukifunguliwa, nilitazama miguu yake kwanza.

Na si ndala tu. Aliingia kwenye gari amechoka, harufu ya sabuni ya hospitali mikononi, lakini mdomo ulikuwa na maneno. Kwangu alikuwa mtu wa maneno machache. Tangu kambini alikuwa hivyo. Kumbe maneno alikuwa nayo, ila hakuwa amepata mtu wa kumpa.

Mzee yule alikuwa akifuga nondo. Si wale wadogo wanaotoboa nguo. Hawa ni wakubwa, bawa moja linaziba kiganja. Huku Marekani hutoka mwanzo wa kiangazi, na majira ya baridi hulala ndani ya kifuko wanachojifumia kwenye kijiti, rangi yake kama jani lililokauka. Alikuwa amewafuga miaka sitini, tangu ujana wake. Hakuwa profesa. Alikuwa fundi wa umeme. Hilo nalo liliniuma. Kama angekuwa profesa ningejiambia, basi, ni mtu wa vitabu. Lakini alikuwa fundi kama mafundi wengine, na mke wangu alirudi kutoka kwake akijua Kilatini.

"Jina lake cecropia," aliniambia siku moja tukiwa njiani kurudi Brooklyn Park. Alilitamka polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. "Limetoka kwa mfalme. Kekropsi, mfalme wa kwanza wa Athene. Wagiriki wanasimulia kwamba juu alikuwa mtu, chini nyoka."

"Nyoka."

"Kuanzia kiunoni."

"Na huyo ndiye uliyemleta kwenye friji yetu."

Maana alikuwa ameleta vifuko sita nyumbani, zawadi ya mzee, akaviweka kwenye droo ya mboga. Alisema lazima vikae kwenye baridi mpaka wakati wao.

"Nimeleta nondo, sikumleta mfalme."

"Jina la nyoka ni jina la nyoka. Friji haina nafasi."

"Paulo alihubiri Athene, Baba. Soma Matendo. Hakuogopa mji, wewe unaogopa kijiti."

Binti yetu, aliyekaa nyuma, alicheka. Ana miaka kumi na sita, anasikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza. Alisema kwa Kiingereza chake kwamba mama amenipiga bao. Sikucheka. Siku ya pili nilisema tena friji haina nafasi, na ya tatu pia. Mke wangu hakubishana. Alivitoa, akavitia kwenye kopo la biskuti, akatoboa kifuniko kwa msumari, akaliweka kwenye roshani. Ilikuwa Novemba.

Kuna siku nyingine, na hii ndiyo nisiyojisamehe. Aliingia kwenye gari amenyamaza. Tulikuwa tumeshavuka daraja aliposema, "Unajua yule mfalme yuko hata kwetu? Ule mti wa mwavuli. Jina lake la Kilatini lina jina la mfalme ndani yake."

Ule mti naujua kwa macho tu. Mimi ni mtu wa ziwani, mji wa Baraka. Yeye ni wa ndani, kwenye msitu wa milimani. Kwa Kifaransa tunauita parasolier, majani yake yamekaa kama mwavuli uliofunguliwa, na unaota haraka penye shamba lililoachwa.

Nilisema, "Wazungu wameandika kila mti wa Kongo. Na madini pia."

Nikawasha redio.

Alitazama nje mpaka tukafika. Nilifurahi. Niliona nimelifunga jambo la mzee kwa siku hiyo.

Alianguka jikoni tarehe 12 Januari, damu ilivuja ndani ya kichwa, na baada ya siku mbili hakuwepo. Niliwapigia simu watu wote. Shakopee, kanisani, Kentucky, Kigoma, Baraka. Niliipigia na ile ofisi iliyompa kazi. Mzee sikumpigia. Nilijiambia ofisi itamwambia. Baadaye nilisikia kwamba ofisi haitoi habari za wafanyakazi kwa wateja, inasema tu kwamba mhudumu amebadilishwa. Nilipolisikia hilo bado sikumpigia.

Yeye alipiga. Simu ya mke wangu ilikuwa mezani, ina chaji, kwa sababu sikuweza kuizima. Iliandika: Babu wa Vipepeo. Ililia siku ya mazishi, ililia wiki iliyofuata, na wiki ya tatu. Niliitazama ikitembea kidogo kidogo juu ya meza kwa mtetemo mpaka ikanyamaza. Mara moja aliacha ujumbe na niliusikiliza. Sauti ya mzee ilisema, "Ni mimi tu. Mhudumu mpya hajui mahali unapoweka chumvi. Kama nilisema neno baya, niambie." Nikaufuta.

Ndiyo, niliufuta. Nilitaka awepo mtu mmoja duniani asiyejua, aendelee kungoja, ili nami niwe na kitu cha mke wangu ambacho yeye hana. Nilikuwa na kifo chake. Kilikuwa changu peke yangu.

Nilikuwa nikilala kwenye kochi sebuleni, kwa sababu chumba chetu kilikuwa kimefungwa na vitu vyake. Jumapili ya kwanza ya Machi nilikifungua ili nichukue tai yangu ya kanisani. Nikasikia mkwaruzo, kama mtu anayekunja karatasi. Nilidhani panya.

Kwenye kitenge chake cha zambarau, kile kilichotundikwa pembeni ya kopo, alining'inia mdudu mnene mwekundu mwenye manyoya, na mistari myeupe tumboni. Mabawa yalikuwa madogo yamekunjamana kama nguo iliyofuliwa. Nilisimama pale sijui muda gani. Mabawa yakawa yanashuka, yanatanuka, yanajaa rangi, kahawia na kijivu, mstari mweupe na mwekundu, na kwenye kila bawa doa kama mwezi mchanga. Alikuwa mkubwa kuliko mkono wangu.

"Usimguse." Binti yangu alikuwa mlangoni. Alisema kwa Kiswahili, jambo lisilo la kawaida. "Mama alisema wasiguswe mpaka wakauke."

"Mbona katoka sasa? Nje ni theluji."

"Kwa sababu chumba kina joto. Mama aliwaweka nje makusudi, Baba. Baridi ndiyo inawazuia. Mkiwaleta ndani wanadhani kiangazi kimefika."

Kumbe tulipokusanya vitu vyake kwa heshima ndipo tulipoharibu. Kitu pekee alichotaka kibaki nje ndicho tulichokipeleka kwenye moto.

Nilikwenda jikoni. Nilikata ndizi, nikaimwagia sukari na maji kidogo kwenye kisahani, nikarudi nayo. Katika nyumba ya msiba mgeni hakosi chakula. Niliiweka chini ya kitenge.

"Hana mdomo," binti yangu alisema.

"Anao, ni mdogo."

"Hana, Baba. Wakitoka hawali tena. Wanaishi siku chache, wanatafutana, wanataga, wanakufa. Mama hakukuambia?"

Labda aliniambia. Labda redio ilikuwa inalia.

"Mpigie Mzee," alisema.

"Hapana."

Akanitazama, kisha akaitazama simu ya mama yake iliyokuwa mezani, kupitia mlango uliokuwa wazi. Ana macho ya mama yake.

"Hajui, sivyo?"

"Hajui."

"Ni karibu miezi miwili, Baba."

Alitafuta boksi kubwa la viatu, akatoboa pembeni, akambeba yule nondo pamoja na kitenge alichokishika, akavitia ndani taratibu. Kopo lenye vifuko vitano vilivyobaki akaliweka juu. Kisha akanipa ufunguo wa gari.

Kanisani sikwenda. Njia ya Champlin naijua hata nikifumba macho. Boksi lilikuwa kwenye kiti cha mke wangu, na nililifunga mkanda.

Nilifika, nikakaa ndani ya gari kama zamani. Pazia la dirishani lilisogea. Nikazima injini.

Mhudumu wa Jumapili, kijana wa kike, alinifungulia. Nikavua viatu vya theluji mlangoni, na nyuma ya mlango zilikuwa ndala zake. Zimepangwa sawasawa, vidole vikitazama nje, kama mtu anayejiandaa kutoka.

"Naziruka kila siku," yule dada alisema. "Haruhusu zisogezwe."

Mzee alikuwa dirishani. Nilikuwa sijawahi kumwona kwa karibu. Nilitegemea mtu mkubwa. Alikuwa mdogo, shingo nyembamba ndani ya sweta, na sehemu ya mguu ambao haupo imefunikwa blanketi.

"Wewe ndiye mtu wa gari," alisema.

"Ndiyo."

"Vaa ndala, utaganda."

Nikazivaa. Visigino vyangu vilitokeza nyuma nusu nzima. Nikatembea nazo kwenye sakafu yake, pa, pa, pa, nikaketi na boksi mapajani. Kiingereza changu ni cha ghalani, cha kusema sanduku hili lipeleke pale. Nikasema kwa maneno machache niliyokuwa nayo.

"Mke wangu alifariki. Mwezi wa kwanza, tarehe kumi na nne."

Mzee aliyashika magurudumu ya kiti chake kama mtu anayetaka kwenda mahali. Hakwenda. Akasema, "Nilidhani nilimuudhi."

"Hapana."

"Nilipiga simu."

"Najua. Niliiona ikilia."

Akanitazama. Nilimwacha anitazame. Nilikuwa nimekuja kusema kweli, na hiyo ilikuwa sehemu yake.

"Mara ngapi?" aliuliza.

"Mara zote. Na ujumbe niliusikia. Nikaufuta."

Akageuza uso dirishani. Nje theluji ilikuwa chafu, ya mwisho wa majira. Nilidhani atanifukuza, na ningekwenda. Lakini nondo alikwaruza ndani ya boksi, na uso wa mzee ukarudi wenyewe.

"Ametoka?"

Nikafungua. Nondo aliacha kitenge, akapanda mkononi mwa mzee, akatulia. Mzee alivitazama vipapasio vyake, vile vinywele viwili vya kichwani.

"Jike. Dume ana vipapasio vipana kama unyoya. Huyu ataita madume kwa harufu, na hakuna atakayekuja. Madume yote yamelala bado." Alisema bila kunilaumu, nami nikajilaumu vya kutosha.

Alimwomba yule dada kitabu fulani. Alijua ukurasa. Kulikuwa na picha ya mti wa mwavuli, na chini yake maandishi ya kulala: Musanga cecropioides.

"Kuna miti ya Amerika ya Kusini iliyopewa jina la yule mfalme," alisema. "Baadaye mtu aliuona huu wa kwenu, akasema unafanana na ile, akalipachika jina lile lile kama mkia wa jina lake. Nilimwonyesha mkeo kwa mzaha tu. Nikasema, tazama, mfalme wangu ana mali hata kwenu. Akakaa na ukurasa huu mpaka chai yake ikapoa." Akafunga kitabu. "Habari ya maji alikuambia, bila shaka."

"Ndiyo," nilisema.

Saa ya ukutani ilihesabu. Nilikuwa nimeketi na ndala zake miguuni, nikidanganya juu yake.

"Hapana," nikasema. "Hakuniambia. Niambie wewe."

Ni kazi ngumu kumwomba mwanamume mwingine akusimulie mke wako. Mzee alinisimulia polepole, akichagua maneno mepesi ili nielewe. Mke wangu alikuwa na miaka kumi na mmoja. Kijiji kilichomwa, yeye na bibi yake walikimbilia msituni, wakakaa huko siku tisa. Mito waliiogopa kwa sababu ya watu wenye silaha. Bibi alikuwa akikata mizizi ya mti ule kwa panga, ile inayosimama nje ya ardhi kama miguu, na kuuweka mdomo wa sufuria chini yake. Maji yalidondoka. Walikunywa hayo kwa siku tisa. Siku ya kumi bibi hakuamka.

Nililala na mwanamke huyu miaka ishirini na miwili. Nilijua alimpoteza bibi yake vitani. Nilidhani kujua hivyo ni kujua. Habari ya maji, habari ya sufuria, habari ya siku ya kumi, alimpa mtu huyu hapa dirishani, na mimi nazipokea leo kama mtu anayepewa nguo kuukuu. Nilimchukia mzee yule wakati huo kuliko siku zote za gari.

"Kwa nini alikuambia wewe?"

Alifikiri kweli. "Nilimuuliza mti huu unafaa nini. Basi. Nilikuwa fundi, huwa nauliza kitu kinafaa nini."

Nikakumbuka redio.

"Nami nikuambie jambo," mzee alisema. "Ulikuwa unafika saa tisa kasorobo. Kila siku. Zamu yake inaisha saa tisa, wewe kasorobo upo. Na yeye kuanzia saa nane na nusu alikuwa anasikiliza gari. Namsomea, namweleza, anasema ndiyo, ndiyo, na sikio liko barabarani. Kisha anasema, amefika, kabla mimi sijasikia chochote. Sikuwa nakupenda hata kidogo."

Nilitaka aseme tena, na niliona aibu kumwomba.

Tuligawa vifuko. Nilikuwa nimepanga njiani kuvirudisha vyote visinikumbushe, na nilipofika nilitaka vyote viwe vyangu. Nikampa vitatu, nikabaki na viwili. Alisema virudi kwenye baridi leo hii, labda havijachelewa.

"Friji yako ina nafasi?"

"Ina nafasi," nilisema.

Nondo alibaki kwa mzee, maana nyumbani ningemuua kwa kutojua. Kitenge nikakikunja. Nilipofika mlangoni nilivua ndala nikavaa viatu vyangu, nikasimama nazo mkononi.

"Unazichukua?" aliuliza toka dirishani.

Mtu mwema angesema zibaki, Mzee. "Ndiyo," nilisema.

"Chukua zote mbili. Mimi moja tu ndiyo ingenifaa."

Yule dada aliziba mdomo. Mimi nilicheka kabla ya kujizuia, mara ya kwanza tangu Januari, na nikatoka haraka.

Jumamosi iliyofuata tuliondoa matanga. Ndugu walikaa sebuleni, vitu vikatolewa kimoja kimoja. Vitenge vilikwenda kwa dada yake na kwa binti yetu, sufuria kwa mama aliyempa lifti. Shemeji alipofika kwenye ndala aliziinua juu.

"Hizi zimetoka wapi?"

"Kazini kwake."

"Ulisema hujui."

"Nilidanganya, Shemeji. Nilikuwa na wivu."

Shemeji alinitazama, akazitazama ndala. "Na sasa nani anazitaka?"

"Mimi."

"Mguu wako arobaini na nne."

"Najua."

Akanipa.

Siku iliyofuata, Jumapili, mzee alipiga simu, safari hii kwenye simu yangu, kwa namba niliyomwachia. Nondo amekufa. Alikuwa ametaga mayai kwenye pazia, mayai matupu yasiyoweza kuanguliwa, kisha akaacha kulishika. Alitaka nije kwa sababu ya karatasi.

Nilikwenda Jumatatu nikitoka Shakopee. Nilifika saa tisa kasorobo, nikazima gari. Nyuma ya mlango pale ndala zilipokuwa palibaki alama mbili safi kwenye sakafu. Nikapita na soksi.

Alikuwa amemtoboa kwa pini na kumtandaza mabawa juu ya ubao laini. Alinieleza desturi yao. Kila mdudu anayewekwa huwekewa karatasi mbili kwenye pini, ndogo kama ukucha. Ya juu huandikwa mahali alipopatikana, tarehe, na jina la mtu aliyempata au kumlea. Ya chini ndiyo ya jina la Kilatini. Asiye na karatasi ya juu hana maana, hata awe mzuri vipi, kwa sababu hajulikani ni wa wapi. Hiyo ya chini, yenye jina la mfalme, alikuwa ameshaiandika mwenyewe. Ya juu alinipa mimi, na kalamu nyembamba.

Sikufikiri. Nikaanza: Champlin.

"Siyo," mzee alisema. "Alitoka wapi?"

"Chumbani kwetu."

"Basi siyo Champlin. Karatasi haidanganyi. Andika kwenu."

Mkono wangu ni wa kubeba masanduku. Ya kwanza niliiharibu kwa hilo jina la mji, ya pili kwa wino. Alinikatia ya tatu. Nikaandika Brooklyn Park, tarehe mbili Machi. Ilipofika sehemu ya mlezi nikasita. Niliyemtia kwenye joto ni mimi. Vifuko vilitoka kwa mzee. Nilijua mzee anaitazama kalamu. Nikaandika jina la mke wangu, lote, herufi ndogo kadiri nilivyoweza.

Mzee aliisoma kwa kioo cha kukuzia, akaipenyeza kwenye pini chini ya mdudu, kisha chini yake akapenyeza ile ya mfalme. Akafunga kifuniko. Soksi zangu zilikuwa zimelowa theluji iliyoyeyuka pale mlangoni. Nikavaa viatu, nikatoka.